Jinsi ya Kupika Bisi kwa Anayepunguza Uzito

Wengi wanaonijia hapa Nairobi kwa ushauri wa lishe hula milo yao mikuu kwa kiasi kizuri, kisha huharibu hesabu yote saa kumi jioni, chai inaposindikizwa na maandazi au pakiti ya krispi. Bisi zinaweza kuchukua nafasi hiyo, kwa kuwa ni nafaka isiyokobolewa na yenye nyuzinyuzi nyingi, na kikombe kimoja cha bisi zilizopikwa bila mafuta kina kalori 30 hivi tu. Sharti lake ni kwamba zipimwe kabla ya kupikwa, maana zikishajaa kwenye sufuria hakuna anayezihesabu.

Hatua ya kwanza ni kununua punje zinazofaa. Kwenye maduka ya nafaka ya Nyamakima, omba mahindi ya bisi, ambayo punje zake ni ndogo, ngumu na zinazong'aa. Mahindi ya kupikia githeri hayafai, kwa kuwa ganda lake haliwezi kuuzuia mvuke. Punje nzuri ina maji ya takriban asilimia 14 ndani yake, na ikifikia nyuzijoto 180 hivi za Selsiasi maji hayo huwa mvuke unaolipasua ganda kwa nguvu. Punje zilizokaa juani kwenye gunia lililo wazi hupoteza maji hayo, nyingi zikabaki bila kupasuka, kwa hiyo nunua kidogo na uzihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Gorogoro nzima, yaani kopo la kupimia nafaka la kilo 2 hivi, ni nyingi mno kwa nyumba ya watu wawili.

Hatua ya pili ni kupima. Kwa mtu mmoja, vijiko 2 vya mezani vya punje vinatosha na hutoa vikombe vipatavyo 4. Mafuta yawe kijiko 1 cha chai. Jumla yake ni kalori 150 hivi. Ninasisitiza mafuta kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea: kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, yaani kinaweza kuzishinda punje zenyewe, na anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa hawezi kujua amemimina vijiko vingapi.

Hatua ya tatu ni mapishi yenyewe. Tumia sufuria nzito, tia mafuta pamoja na punje 3, funika, kisha uweke kwenye moto wa wastani. Punje hizo zikipasuka, mafuta yamefikia joto linalotakiwa. Tia zilizobaki, epua sufuria kwa sekunde 30 ili zote zipate joto kwa pamoja, kisha irudishe motoni. Zinapoanza kupasuka, sogeza kifuniko kidogo upande usiokuelekea ili mvuke utoke, kwani mvuke ukifungiwa ndani bisi hulegea na kutafunika kwa shida. Kisha uendelee kuitikisa sufuria ili za chini zisiungue. Sauti zikiachana kwa sekunde 2 au 3, epua mara moja na umimine kwenye bakuli, hata kama punje chache hazijapasuka.

Chumvi huja mwisho. Bisi zenye mafuta machache hazishiki chumvi ya chembe kubwa, hivyo isage kinuni hadi iwe unga laini, na kiasi kidogo kitasikika mdomoni. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku, na mboga na mchuzi tayari vina sehemu yake. Pilipili manga au bizari hukoleza vizuri. Sukari, asali na siagi hurudisha kalori zile zile tunazozikwepa, na bisi za rangi rangi zinazouzwa kwenye steji za matatu huwa na sukari vilevile.

Kula kutoka kwenye bakuli, pamoja na maji au chai isiyo na sukari, na maandazi yaachwe siku hiyo, kwa sababu bisi zinazoongezwa juu ya maandazi hazipunguzi chochote. Watoto walio chini ya miaka 4 wasipewe, kwani zinaweza kuwakaba koo. Mlo wa usiku nao ubaki pale pale, ugali wa kiasi, sukuma wiki, na maharagwe au omena, kwa kuwa bakuli moja la bisi halina protini ya kutosha kuilinda misuli ya mtu anayepungua uzito.