Kikapu Kimejaa Uyoga wa Porini: Namna ya Kuupika Wote Kabla Haujaharibika

Mtu anayerudi kutoka msituni na kilo nane au kumi za uyoga ana saa chache tu za kuamua atakachofanya, kwa sababu uyoga uliokwisha kung'olewa huendelea kupumua na kutoa joto, na mabuu walioingia kwenye mashina huendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzigo wangu wa kwanza mkubwa niliuacha usiku kucha ndani ya mifuko ya plastiki, nikitumaini kuushughulikia asubuhi, na kulipokucha nilikuta umelowa, umekuwa na utelezi na unanuka, nikalazimika kutupa zaidi ya nusu. Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia tangu siku ile. Msingi wake ni mmoja: takriban asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji, na anayejua kuyatoa maji hayo kwa wakati wake hashindwi na kikapu cha ukubwa wowote.

Hatua ya 1: Hakikisha kila uyoga unajulikana

Kagua kikapu chote, uyoga mmoja baada ya mwingine, hata kama uliuchuma wewe mwenyewe, kwa kuwa katika mavuno makubwa ni rahisi uyoga wa aina nyingine kuingia bila kuonekana. Usiotambulika kwa uhakika kamili utupwe, na ikiwezekana mkague pamoja na mtu mwenye ujuzi wa uyoga wa eneo hilo. Sumu ya amatoksini, iliyomo katika uyoga wa Amanita phalloides na jamaa zake, haiondolewi kwa kuchemsha, kukausha wala kugandisha, na dalili zake kwa kawaida huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya mlo, wakati ambapo ini limekwisha kuanza kushambuliwa. Vipimo vya kienyeji, kama vile kijiko cha fedha kubadilika rangi, ganda la kofia kumenyeka kwa urahisi au wadudu kuonekana wameula, havina ukweli wowote na vimekwisha kuua watu.

Kwa aina unayoila kwa mara ya kwanza, pika kiasi kidogo, usiichanganye na aina nyingine katika mlo huo, na uhifadhi mmoja au miwili mibichi kwenye jokofu kwa siku mbili, ili daktari awe na cha kuchunguza endapo mtu ataugua.

Hatua ya 2: Tenga kwa aina na kwa umri

Tandaza uyoga wote juu ya kitambaa au karatasi, usilundikane, kisha uugawe katika mafungu. Uyoga mchanga na mgumu unaweza kungoja siku mbili au tatu kwenye jokofu, ukiwa ndani ya mfuko wa karatasi unaopitisha hewa. Uliokomaa lakini bado mzima upikwe au ukaushwe siku hiyo hiyo. Ulioanza kulainika, kuwa na utelezi au kutobolewa kila upande na mabuu usiutie chunguni, kwa maana hata uyoga wa aina salama huumiza tumbo ukishaanza kuoza.

Zipo aina zisizongoja kabisa. Coprinus comatus, wenye kofia ndefu nyeupe yenye magamba, hujiyeyusha wenyewe na kuwa majimaji meusi kama wino ndani ya saa chache, kwa hiyo huo ndio wa kwanza kuingia jikoni. Jamaa yake wa kijivu, Coprinopsis atramentaria, una kemikali inayomfanya mtu anayekunywa pombe, hata siku kadhaa baada ya mlo, awe mwekundu usoni, atapike na moyo umwende mbio. Mimi siuchumi, na sioni sababu ya mtu kuuingiza katika kikapu cha familia.

Hatua ya 3: Safisha bila kuogopa maji, lakini kwa wakati wake

Kata ncha ya shina yenye udongo, kisha upanguse kofia kwa brashi laini au kitambaa chenye unyevu. Uyoga wenye mchanga mwingi unaweza kuoshwa haraka kwa maji baridi, na dhana kwamba utajaa maji kama sponji ina ukweli mdogo sana, ilimradi uingie kwenye kikaango mara tu baada ya kuoshwa. Uyoga utakaokaushwa ndio usioshwe. Aina zenye uwazi ndani, kama Morchella, zipasuliwe kwa urefu, kwa sababu wadudu na mchanga hujificha humo.

Hatua ya 4: Toa maji kwanza, mafuta baadaye

Hapa ndipo wapishi wengi hukosea, na hapa ndipo pa kuwa na subira. Uyoga mbichi una vijitundu vingi vya hewa, na ukiutia kwenye mafuta ya moto hunywa mafuta yote, mpishi huongeza mengine, na mwishowe chakula huwa kizito. Chukua kikaango kipana, weka uyoga uliokatwa vipande vya ukubwa wa kulingana, nyunyiza chumvi kidogo na vijiko vitatu au vinne vya maji, kisha uwashe moto mkali bila mafuta yoyote. Mvuke utavifanya vijitundu vile viporomoke, uyoga utanywea, na majimaji yake yatajaa kikaangoni.

Acha yachemke hadi yakauke, huku ukigeuza kwa mwiko. Kama uyoga ni mwingi na majimaji yanaufunika, yamimine katika sufuria ndogo, uyachemshe pembeni hadi yabaki vijiko vichache, kisha uyarudishe. Kuyamwaga ni kumwaga ladha. Mlio wa kuchemka ukigeuka kuwa mlio wa kukaangika, hapo ndipo utie siagi au mafuta kidogo, na uache vipande vipate rangi ya hudhurungi. Vitunguu maji vifuate, na vitunguu saumu viingie dakika mbili za mwisho ili visiungue.

Usihofu kupitisha muda. Kuta za chembe hai za uyoga zimejengwa kwa dutu ngumu iitwayo kitini, ambayo haiyeyuki kwa joto la jikoni kama inavyolainika mboga, kwa hiyo dakika 20 za moto haziugeuzi uji. Kinyume chake ndicho cha kuhofia: Morchella usioiva vizuri huleta kutapika na maumivu ya tumbo, na uyoga wa porini wa aina yoyote siuli mbichi.

Hatua ya 5: Gawanya msingi huo katika milo

Uyoga uliokaangwa hivyo ni msingi wa vyakula vingi. Sehemu moja ichanganywe na mayai, nyingine iingie kwenye wali uliopikwa kwa majimaji yake, nyingine itiwe krimu na pilipili manga iwe mchuzi wa tambi au nyama. Kofia kubwa za Boletus edulis zipakwe mafuta na kuchomwa ndani ya oveni yenye joto la sentigredi 220, zikiwa zimepangwa kwa nafasi ili zisijitokose kwa mvuke. Mashina magumu yachemshwe pamoja na vitunguu kwa dakika 45, yasagwe na kuchujwa, na utapata supu nzito.

Vipande vilivyovunjika ndivyo ninavyovipenda zaidi. Vikate vidogo sana, uvikaushe kikaangoni pamoja na kitunguu hadi viwe rojo linaloshikamana. Kilo nzima hupungua hadi bakuli dogo, na rojo hilo hufaa kujazia mikate, pai au kuku.

Hatua ya 6: Kausha unaofaa kukaushwa

Kata vipande vya unene wa milimita 5 na uvikaushe kwa joto la sentigredi 45 hadi 55, mlango wa oveni ukiwa wazi kidogo ili unyevu utoke, mpaka vivunjike kwa mlio badala ya kupinda. Kilo 10 hubaki takriban kilo moja. Boletus na Morchella hupata ladha ya kina zaidi vikikauka, ilhali Cantharellus cibarius, wenye rangi ya manjano, huwa mgumu kama ngozi, na huo nausaga uwe unga wa kuungia supu. Weka kwenye chupa za kioo zilizofungwa, uzikague baada ya wiki moja, na ukiona unyevu kwenye kioo, rudisha uyoga kwenye joto. Siku ya kupika, uloweke kwa dakika 30 katika maji vuguvugu na uyachuje maji hayo kwa kitambaa, kwani yanaingia chunguni pia.

Hatua ya 7: Gandisha uliobaki, na ujihadhari na mafuta

Gandisha uyoga uliokwisha kukaangwa, katika pakiti bapa za mlo mmoja mmoja, kwa joto la sentigredi -18 au chini yake. Ukigandishwa mbichi, barafu hupasua chembe zake na huwa teketeke ukiyeyuka.

Achari ya uyoga hutengenezwa kwa kuuchemsha kwanza katika maji ya chumvi hadi uive, kuyamwaga maji hayo, kisha kuuchemsha tena katika siki yenye asidi ya asilimia 5, na kuuweka kwenye jokofu. Usiufunike uyoga kwa mafuta na kuuacha kabatini. Uyoga hauna asidi ya kutosha, na chini ya mafuta hakuna hewa, hali ambayo bakteria Clostridium botulinum huitumia kutoa sumu isiyoonekana wala kunukia. Kwa sababu hiyo hiyo, usiusindike uyoga wa porini nyumbani kwenye chupa za kuwekwa nje ya jokofu.

Andika aina na tarehe juu ya kila chupa na pakiti, na uanze kula achari, kisha uliogandishwa, ukiuacha uliokaushwa kuwa wa mwisho, kwa kuwa huo ukiwa mkavu na gizani hukaa mwaka mzima bila kupoteza ladha yake.