Jinsi ya kutafuta plastiki kwenye vitonge vya minandi, ufukwe wa Ziwa Nyasa

Ukitaka kujua kama plastiki imeingia kwenye mlo wa ndege, huna haja ya kumuua ndege. Mnandi, ndege mla samaki wa ziwani, anakupa ushahidi mwenyewe. Anameza samaki mzima mzima, kisha miiba, magamba na chochote kilichoshindikana kusagwa tumboni anakitema kikiwa kimeviringishwa kwenye ute, mara nyingi alfajiri kabla hajaenda kuvua. Hicho ndicho kitonge, na ukikifungua vizuri unasoma chakula chake cha jana.

Mwongozo huu nawaandikia walimu wa baiolojia, wanafunzi wa vyuo na vikundi vya mazingira vya Kyela, Matema na kushuka hadi Ludewa. Njia yenyewe imetoka baharini. Katika Bahari ya Kaskazini, Mholanzi Jan van Franeker na wenzake wamekuwa wakiwapasua fulma, aina ya ndege wa baharini, wanaokutwa wamekufa ufukweni na kupima plastiki iliyomo tumboni. Nchi za ukanda ule zimejiwekea lengo: fulma wenye zaidi ya gramu 0.1 za plastiki tumboni wasizidi asilimia 10. Kazi ile imeaminika kwa sababu kila anayeifanya anaifanya vilevile, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo nitakusumbua kwa mambo madogo madogo, na nakuomba uyafuate.

Kuna atakayeuliza habari za bahari zinatuhusu nini sisi wa nyanda za juu. Mto Kiwira unashuka kutoka Rungwe, unapita Daraja la Mungu, unaingia ziwani Kyela. Mbaka na Lufilyo nayo inaingia humo humo. Maji ya Ziwa Nyasa yanatoka kwa mto Shire, yanajiunga na Zambezi na kumwagika Bahari ya Hindi huko Msumbiji. Chupa iliyotupwa mtaroni Tukuyu ina njia ya kwenda baharini, na kabla haijafika huko inapita mbele ya minandi wetu.

Hatua ya 1: Ruhusa na usalama

Anza ofisi ya serikali ya kijiji na BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) ya mwalo husika, kisha afisa wanyamapori wa wilaya. Kama unakusudia utafiti rasmi, vibali vinapitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na vinachukua muda, kwa hiyo omba mapema.

Vaa glavu na barakoa. Ukikuta ndege wamekufa, hasa wengi kwa pamoja, usiwaguse. Toa taarifa kwa afisa mifugo, maana homa ya mafua ya ndege si jambo la kubahatisha. Waulize wavuvi kuhusu mamba na viboko kabla ya kukanyaga popote, na usisimame kwenye maji yaliyotuama yenye majani, kwa ajili ya kichocho.

Hatua ya 2: Tafuta wanapolala

Minandi hulala kwa makundi kwenye majabali au miti iliyo karibu na maji. Utaitambua sehemu kwa kinyesi cheupe kilichopaka mawe na kwa harufu. Wavuvi wanaijua, waulize hao kwanza. Msimu wa kutaga, usisogee kabisa. Mnandi akifukuzwa kwenye kiota, yai linabaki juani na wezi wa mayai hawakawii.

Fika baada ya kundi kuondoka asubuhi. Ziara ya kwanza safisha eneo: ondoa vitonge vyote vya zamani bila kuvihesabu. Ukirudi kesho yake, utakachokuta ni kipya na una uhakika na tarehe yake.

Hatua ya 3: Okota bila kuchafua

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Usitumie mfuko wa plastiki wala kopo la plastiki. Chukua kijiko cha chuma, kila kitonge kifunge peke yake kwenye foili, kisha kitie kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa penseli: tarehe, mahali, namba. Vaa nguo za pamba, na andika rangi ya nguo zako daftarini. Sweta la kitambaa cha plastiki linamwaga nyuzi muda wote, na uzi mwekundu wa sweta lako ukiangukia kwenye sampuli utageuka kuwa uzi mwekundu wa mnandi.

Chukua kitonge kizima tu. Kilichopasuka au kukanyagwa kiache. Huwezi kujua kilichopotea.

Hatua ya 4: Loweka na chekecha

Loweka kila kitonge peke yake kwenye bakuli la kioo au la chuma, kwa maji yaliyochujwa, hadi ute ulegee. Usiku mmoja unatosha. Mimina kwenye chekecheo la chuma lenye matundu ya milimita 1, suuza polepole. Kipimo hiki cha milimita 1 ndicho wanachotumia kwa fulma, na ndicho nakushauri ubaki nacho. Chembe ndogo zaidi zinahitaji maabara yenye vifaa ambavyo shule nyingi hazina, na kuzikisia kwa macho ni kujidanganya.

Wakati wote wa kazi weka pembeni bakuli jingine lenye maji yaliyochujwa tu, bila kitonge. Mwishoni likague kama mengine. Ukikuta uzi humo, umetoka hewani au kwenye nguo zako, na nyuzi za aina hiyo usizihesabu kwenye sampuli za siku hiyo.

Hatua ya 5: Tenganisha plastiki na vinavyofanana nayo

Utakachokiona kwanza ni miiba, magamba na vijiwe vyeupe vya masikio ya samaki. Vijiwe hivyo vihifadhi, maana mtaalamu wa samaki anaweza kukuambia kwavyo mnandi alikula samaki gani.

Kinachowadanganya wengi ni lenzi ya jicho la samaki. Ni kiduara kidogo kigumu, kinang'aa, mara cheupe mara cha rangi ya asali, na ukikiweka kando ya punje ya plastiki ghafi ya kiwandani unaweza kuapa ni ndugu. Kibane kwa kibano ukichokonoe kwa sindano: lenzi inabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, plastiki haibanduki hivyo. Minyoo ya tumboni nayo ikikauka inafanana na uzi. Nyuzi za mimea huchanuka ncha.

Ukibaki na shaka, pasha sindano moto na uiguse chembe. Plastiki nyingi huyeyuka au hujikunja. Mfupa na gamba hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Fanya hivyo mahali penye hewa. Kisicho na uhakika kiandike "hakijulikani". Usikilazimishe kuwa plastiki.

Hatua ya 6: Panga mafungu, kausha, pima

Mafungu ni haya: punje ghafi za kiwandani, vipande vya plastiki laini kama ya mfuko, nyuzi, povu, vipande vigumu, na vinginevyo. Fungu la nyuzi ulikague kwa makini kuliko yote. Uzi wa nyavu za timba (nyavu za uzi mmoja mmoja wa plastiki, usiosokotwa), uzi wa sandarusi (magunia ya plastiki) na mshipi wa nailoni si kitu kimoja, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuambia uzungumze na nani: wavuvi, wafanyabiashara wa mpunga, au wote. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, lakini nyavu na magunia hazikuguswa na katazo hilo.

Kausha kwa siku mbili ndani ya sahani iliyofunikwa. Pima kwa mizani ya maabara. Kama shule haina, omba chuo kilicho karibu.

Hatua ya 7: Hesabu, na sifuri zako ziandike

Kitonge kisicho na plastiki ni matokeo kamili. Chukulia umefungua vitonge 40, vitatu vina plastiki, jumla gramu 0.06. Asilimia ni 3 gawa kwa 40, yaani 7.5. Wastani wa uzito ni 0.06 gawa kwa 40, yaani gramu 0.0015 kwa kitonge. Ukigawa kwa vitatu umeongeza tatizo zaidi ya mara kumi, na mtu wa kwanza atakayekagua hesabu yako atakutupilia mbali.

Andika "asilimia 7.5 ya vitonge", kamwe usiandike "ya minandi", kwa sababu ndege mmoja anaweza kuwa ametema vitonge kadhaa ndani ya siku chache. Wala usiilinganishe na ile asilimia 10 ya fulma. Fulma hukaa na plastiki tumboni kwa muda mrefu, mnandi hutema karibu kila siku. Linganisha mwalo na mwalo, masika na kiangazi, mwaka huu na mwaka ujao.

Kumbuka pia kwamba plastiki inaweza kufika kwa mnandi ikiwa tayari imo ndani ya samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha plastiki tumboni mwa sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, samaki mmoja kati ya watano kwa kila aina. Kwa hiyo, ukiweza, nunua na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wa mwalo uleule, uwafungue kwa utaratibu huu huu.

Hatua ya 8: Hifadhi na rudisha taarifa

Chembe zote zibaki kwenye vichupa vya kioo vyenye namba zilezile za daftari, ili mwingine aweze kurudia kipimo chako. Nakala ya majedwali ipeleke kijijini na BMU kabla ya kuipeleka kwingine kokote, ikiwa kwa Kiswahili, pamoja na vichupa vyenyewe mkononi. Mvuvi akiona uzi wa wavu wa timba uliotoka kwenye kitonge ataanza kukuuliza maswali, na majibu yake kuhusu wapi nyavu kuukuu zinatupwa yaandike kwenye daftari hilohilo.