SOMO: Flaiwili ya chenso imeumia. Ipi utawasha nayo, ipi utaitupa

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Fundi, flaiwili imeumia kidogo, naweza kuendelea nayo?" Nimechoka kuandika jibu lile lile, kwa hiyo naliweka hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Nipo Mafinga. Mashine nyingi zinazonifikia zinatoka kwenye misindano na mikaratusi ya Mufindi, lakini kanuni ni hiyo hiyo kwa mashine ya kufyekea na bomba la mota la kupulizia dawa. Flaiwili ya chenso, yaani lile gurudumu lenye sumaku linalozunguka na injini ya msumeno wa mota, ina kazi tatu: sumaku yake ikipita kwenye koili ndiyo inatoa cheche, mapanga yake (yale mabawa ya feni) yanapuliza silinda isiungue, na uzito wake unaivusha pistoni. Kwa hiyo ukisema tu "imeumia" hujasema kitu.

Hatua ya 1. Toa plagi.

Hatua ya 2. Fungua kava la kamba ya kuwashia, piga brashi vumbi la mbao lote.

Hatua ya 3. Kagua. Futa flaiwili kwa mafuta ya taa, ikaushe kwa kitambaa, kisha ipake chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka ndani yake na kujichora mstari kwenye chaki. Ufa karibu na kitovu, hata wa nywele: tupa. Sumaku inacheza: tupa. Panga limekatika: nunua nyingine. Najua wapo wanaovunja na panga la upande wa pili ili uzito ulingane. Mtetemo unapungua kweli, ila umepoteza upepo mara mbili, na pistoni ikishika kwa joto utanunua silinda pia. Na usidharau kipande kidogo. Gramu 3 zikiwa sentimita 5 kutoka katikati, kwa mizunguko 9,000 kwa dakika, zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 14. Kipande hicho kikichomoka hakiangalii nani amesimama mbele yake.

Hatua ya 4. Fungua nati. Ili injini isizunguke, ingiza kamba laini kwenye tundu la plagi, lakini kwanza hakikisha pistoni inapanda na imeshapita tundu la ekzosi, la sivyo kamba itabanwa hapo.

Hatua ya 5. Toa flaiwili kwa pula, kile kifaa cha kuivuta itoke. Usipenyeze bisibisi nyuma yake, utapasua bodi.

Hatua ya 6. Kii na koni. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Kii ni kile kichuma kidogo kinachokaa kwenye mfereji wa krenki, yaani mhimili wa injini unaobeba flaiwili. Koni ni ile ncha ya krenki iliyochongoka, na tundu la flaiwili linaloivaa. Mnyororo ukibanwa ghafla na gogo, krenki inasimama lakini flaiwili inataka kuendelea, kii inakatika au inapinda. Flaiwili ikisogea mbele, cheche inakuja mapema, na ukivuta kamba inakurudishia mkono kama punda aliyepigwa. Kwenye krenki ya unene wa milimita 14, kusogea milimita moja tu ni kama nyuzi 8. Mashine itawaka, itanguruma, haitakuwa na nguvu, nawe utalaumu kabureta.

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nililetewa mashine moja ya namna hiyo. Nikaweka kii mpya, na kwa ujuaji nikapaka grisi kwenye koni ya krenki ili siku nyingine flaiwili itoke kirahisi. Nikakaza nati, nikapokea pesa. Mwenyewe alirudi kabla ya saa saba mchana, kaibeba begani, haongei. Kii ilikuwa imekatika vipande viwili na mfereji wa krenki umetafunwa. Krenki nililipa mimi. Nilikuwa sijaelewa kwamba kii haishikilii flaiwili. Kii inaonyesha mahali tu. Kinachoshikilia ni koni mbili kavu zilizobanana. Ukipaka grisi umeondoa mshiko, kazi yote umeibebesha kii.

Kwa hiyo: osha koni zote mbili kwa petroli, zikauke kabisa. Kama zina makovu, paka pesti ya kusagia valvu, zungusha flaiwili kwa mkono huku na huku bila kii mpaka rangi iwe moja ya kijivu, halafu osha pesti YOTE. Usikate kii ya kujitengenezea kwa msumari. Usiweke kipande cha kopo la soda kuziba nafasi. Mfereji wa flaiwili ukiwa umepanuka, flaiwili hiyo imekwisha.

Hatua ya 7. Rudisha, kaza nati imara. Kamba ya kwenye silinda iweke tena, safari hii pistoni ipande kwa kuzungusha upande wa pili. Ukimaliza kukaza, itoe.

Hatua ya 8. Nafasi ya koili: milimita 0.3 kwa chenso nyingi. Bana kadi nyembamba ya jina kati ya koili na sumaku, kaza skrubu, vuta kadi.

Hatua ya 9. Zungusha kwa mkono usikilize kama inagusa popote. Rudisha plagi na kava, ndipo uwashe. Bila kava usiwashe hata sekunde.

MASWALI

Kijana wa Kilolo: Mkuu sijasoma yote, ila yangu ina ufa kidogo kwenye kitovu. Naweza kuchomelea?
Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Kilolo: Ni ufa mdogo sana lakini.
Jibu: Ulikuwa mdogo jana pia. Tupa.

Nyundo Nzito: Pula za nini? Mimi nagonga ncha ya krenki kwa nyundo miaka yote na mashine zinatembea.
Jibu: Na mimi napokea krenki zilizopinda miaka yote. Kama huna pula, rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha, inua mashine kidogo kwa kushika flaiwili, gonga juu ya nati kwa nyundo ya shaba, mara moja au mbili. Isipotoka, tafuta pula. Sijasema mafundi wote wa nyundo ni wabaya, nimesema krenki ni ghali.

Mama Korosho: Fundi shikamoo. Niko Newala, tuna bomba la mota la kupulizia salfa kwenye mikorosho. Limelala tangu msimu uliopita. Sasa cheche ni hafifu, na nikifungua naona flaiwili ina kutu nyekundu pale kwenye sumaku. Je, kutu inaweza kuua cheche, au koili ndiyo imekufa?
Jibu: Marahaba mama, hili ndilo swali. Sumaku yenyewe haifi kwa kutu ya juu, lakini kutu inavimba, inagusa miguu ya koili, na inaharibu nafasi. Salfa ikipata unyevu inakula chuma haraka. Chukua msasa mwembamba, namba 400, sugua sumaku na miguu yote miwili ya koili hadi chuma king'ae. Usitumie tupa ya kunolea, utapunguza chuma na nafasi itakuwa kubwa. Pima upya kwa kadi, miguu yote miwili, siyo mmoja. Kabla ya kununua koili jaribu plagi mpya na uchomoe waya wa swichi ya kuzimia: cheche ikirudi, tatizo ni swichi. Na msimu ukiisha, mwaga petroli yote, puliza vumbi la salfa, ndipo uhifadhi.

Mama Korosho: Ilikuwa swichi! Asante sana.
Jibu: Umeokoa pesa ya koili.

Mbao Nyeupe: Fundi nikurekebishe kidogo. Zipo chenso ambazo kii haitoki, imemwagwa kiwandani pamoja na flaiwili, ni chuma kimoja.
Jibu: Kweli kabisa, nilisahau. Hizo, kii ikikatika unabadilisha flaiwili nzima. Wapo wanaozifunga kwa kukadiria kwa jicho. Usikubali.

Mbao Nyeupe: Na oili ya kuchanganya na petroli? Vijana wangu wanapima kwa kizibo.
Jibu: Nunua sirinji ya mililita 20 duka la dawa. Oili nzuri ya tu-stroki ya 1:50, lita moja ya petroli inakula sirinji moja. Kama kopo limeandikwa 1:25, sirinji mbili. Vizibo havilingani.

Kijana wa Kilolo: Mkuu nimenunua flaiwili nyingine, nimefuata hatua zote, imewaka mvuto wa kwanza. Ila haikati, inatoa moshi tu kwenye gogo.
Jibu: Hongera. Umefunga mnyororo kinyume. Meno yaliyo juu ya baa (ule ubao wa chuma unaozungukwa na mnyororo) yaelekee mbele.