Kubadilisha Kitambaa cha Dari ya Gari Kilicholegea

Gari la zamani linaloshinda juani mjini Tabora, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua, hulegea kitambaa cha dari kwa sababu sponji nyembamba iliyo nyuma yake imegeuka unga. Ndiyo maana kukibana kwa pini au kukipenyezea gundi hakudumu.

Chomoa waya wa betri, fungua vikinga jua, taa na vishikio, kisha muwe wawili kuushusha ubao wa dari na kuutoa bila kuukunja, kwani ukivunjika haurudi katika umbo lake. Bandua kitambaa. Kazi yenyewe hasa ni kusugua mabaki ya sponji kwa brashi, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, hadi kiganja kikipita juu ya ubao kisitoke na unga. Hapa nakusihi usiharakishe.

Paka gundi inayostahimili joto ubaoni na nyuma ya kitambaa kipya chenye sponji, subiri ikauke kiasi cha kunata tu bila kulowesha kidole, kisha laza nusu moja kwanza, ukikandamiza kwa kiganja kutoka katikati kuelekea kingoni, bila kukivuta kitambaa kwenye mabonde. Matundu ya taa yakatwe gundi ikishakauka kabisa.