Gari likikataa kona, kagua springi zote nne

Gari langu lilikuwa likilala sana kwenye kona, nikafunga springi ngumu mbele peke yake. Kulala kukapungua. Lakini nilipoingia kona kali nikakata usukani, pua ikazidi kwenda nje, usukani umekuwa mwepesi mkononi. Nikalaumu matairi, kumbe yalikuwa mazima.

Kwenye kona, uzito huhama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Springi hazipunguzi uzito huo, zinaugawa tu. Upande ulio mgumu zaidi, mbele au nyuma, hubeba fungu kubwa la uzito unaohama. Na tairi ukiliongezea uzito maradufu, mshiko wake hauongezeki maradufu. Ndiyo maana jozi ambayo tairi moja limekandamizwa na mwenzake anaelea hushika kidogo kuliko jozi iliyogawana vizuri. Mbele yangu ilikuwa hivyo. Nyuma ikiwa ngumu kupita kiasi, mkia ndio hutoka, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, maana gari huzunguka kabla dereva hajajua afanye nini.

Kabla ya kununua chochote, pima upepo, kagua bushi na shokapu. Kisha tafuta uwanja mpana usio na watu, zunguka duara lile lile, ukiongeza mwendo kidogo kidogo bila kukanyaga breki. Pua ikianza kuteleza, legeza springi za mbele au kaza za nyuma. Mkia ukianza, fanya kinyume. Mimi huanza kwa kulegeza, kwa sababu springi laini hulishikilia tairi chini penye mashimo. Badilisha mbele tu au nyuma tu, springi zote mbili za hapo, rudi kwenye duara.

Usikate springi, tafadhali. Yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ukiipunguza 1 huwa ngumu zaidi kwa asilimia 14 hivi, na gari linashuka pia. Hutajua kipi kimeleta nini.

Na namba ya springi siyo ugumu unaofika kwenye gurudumu. Springi ya kilo 4 kwa milimita (kilo 4 huikandamiza milimita 1), ikisukumwa milimita 7 kila gurudumu linapopanda 10, hubaki karibu kilo 2 tu: zidisha 4 kwa 0.7, kisha jibu kwa 0.7 tena. Pima hivyo mbele na nyuma kabla ya kulinganisha. Mimi nililinganisha namba za dukani, ndipo nilipokosea.