Usimwache mtu alipuke peke yake: namna ya kugeuza hasira ya mmoja iwe madai ya wengi

Kila mgambo wakipita mtaani na meza za watu zikarushwa kwenye difenda, jioni kwenye grupu la wasap lazima atokee mmoja aandike "kesho wakija watanijua mimi ni nani, potelea mbali", na wengine wote kazi yao kumtupia vimoto na dole gumba. Sasa hii nawaandikia nyie wa vimoto, maana yule hasira anayo tayari, kinachokosekana ni nyie.

Watu wanapenda sana kutoa mfano wa Tunisia, eti mchuuzi mmoja tu kaangusha serikali. Hebu tuiangalie vizuri. Mohamed Bouazizi alikuwa muuza matunda wa mkokoteni pale Sidi Bouzid, akanyang'anywa vitu vyake, akajichoma moto tarehe 17 Desemba 2010, na rais wao, Ben Ali, akakimbia nchi 14 Januari 2011. Haijafika hata mwezi. Lakini mwezi Machi mwaka huohuo 2010 kuna mchuuzi mwingine alijichoma kule Monastir na nchi ikaendelea kama kawaida, ndo ujiulize tofauti ilitoka wapi. Safari hii watu waliingia barabarani, na kulikuwa na chama cha wafanyakazi, UGTT, kipo tangu 1946, kina matawi kila mkoa, walimu na watu wa matawi wakafungua ofisi zao watu wakakutana humo, migomo ikaanza kuitishwa mkoa kwa mkoa, Sfax ikasimama tarehe 12 Januari, Tunis tarehe 14. Na nisieleweke vibaya, hakuna dai lolote la meza wala kodi linalostahili mtu kujitoa uhai, yule kijana alitakiwa awe hai mpaka leo.

Warusi nao walijaribu njia ya mkato. 1881 kikundi kidogo cha watu wenye mabomu kikamuua mfalme wao, Alexander wa Pili, akakaa mwanae na kamba ikakazwa zaidi.

Haya tuanze kazi. Kwanza jihesabuni, na sio kwa idadi ya grupu. Grupu lina watu mia tatu, mkiitana kikao Jumapili wanatokea kumi na nne, basi nyie ni kumi na nne na mipango yote ipangeni kwa hao. Halafu tafuteni dai moja. "Serikali itujali" sio dai, hakuna mtu ofisini anaweza kulijibu hilo. "Tusihamishwe mpaka tuonyeshwe eneo lenye choo na daladala zinafika" hilo ni dai, maana linajibika kwa ndiyo au hapana. Liandikeni barua nakala mbili, moja mnaacha kwa mtendaji wa kata, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe mnaondoka nayo. Msitoke pale bila muhuri jamani, hata mkiambiwa "mhusika katoka kidogo", kaeni kwenye benchi msubiri.

Kuhusu hela sitaki maneno mengi ila hapa ndo vijiwe vingi vinafia. Buku kwa wiki inatosha kuanzia, daftari liwe moja, linasomwa kwa sauti kila kikao, jina na kiasi, na anayeshika hela asiwe mwenyekiti. Hiyo hela sio ya kofia wala tisheti, ni ya nauli, ya kopi za barua, na ya siku mwenzenu kakamatwa na familia yake nyumbani haijala.

Na akikamatwa je? Mmoja anazunguka vituo kujua yupo kipi, mwingine anaenda nyumbani kwake kuwaambia kabla hawajasikia kwa majirani. Mwenye kumdhamini anapita serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho, anabeba na kitambulisho cha NIDA. Dhamana ya polisi hailipiwi, mtu akitaka "ya soda" hamumpi. Hata kama jamaa alikosea, karusha tofali kweli, msimkane ila pia msimfanye shujaa wa stetasi, maana wiki ijayo dogo mwingine atataka naye awe shujaa. Chukueni kilichomfanya alipuke mkiweke kwenye barua. Dar hii tuna historia ya hayo, makuli wa bandarini waligoma 1947, mgomo ukasambaa na reli mpaka bara, na walitoka na nyongeza na chama chao, ila mgomo wa 1950 ukageuka vurugu na mkoloni akapata sababu ya kukifuta chama chote.

Kila nafasi iwe na mtu wa pili anayeijua kazi. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa hapahapa Dar 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa kwenye kitabu, na chama hicho, kilichoanzishwa hapahapa 1962, kilivurugana kweli ndani kwa ndani ila hakikufa, 1975 Msumbiji ikawa huru. Kwenu ni rahisi zaidi, namba za wanachama na daftari visikae kwenye simu ya mtu mmoja.

Sheria mnaijua? Mkutano wa hadhara au maandamano mnatoa taarifa polisi si chini ya saa 48 kabla. Kwa walioajiriwa, wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama, na mgomo una njia yake, mgogoro unapita kwanza CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwenye usuluhishi, ukishindikana mnapiga kura, mnampa mwajiri notisi ya saa 48.

Kuna atakayesema vyama navyo vinalala, viongozi wanakula posho, na hapo siwezi kubisha. Baada ya Mwongozo wa 1971, ule wa TANU uliowakataza viongozi ubwana kwa walio chini yao, wafanyakazi wa viwanda vya Dar waligoma wenyewe bila kusubiri NUTA, chama cha wafanyakazi cha wakati ule, maana NUTA ilikuwa chini ya chama tawala na katibu wake aliteuliwa na Rais, wangesubiri mpaka lini. Kwahiyo sisemi mkae mnangoja baraka za mwenyekiti. Mwenyekiti mchagueni kwa mwaka mmoja, muandike kwenye katiba kwamba theluthi moja ya wanachama wakisaini anaitishiwa kikao cha kumtoa, na mtunza hela akishindwa kuleta daftari vikao viwili mfululizo anakabidhi hapohapo kwa yule wa pili.