Somo: Kuendesha utafiti wa kaya, kuanzia hitaji hadi takwimu rasmi

Vijana wengi wanaoingia ofisi za takwimu huanzia kwenye majedwali. Wanajua kuchambua na programu wanazimudu, lakini hawajawahi kukaa mkekani kwa saa mbili wakimuuliza mama wa watu jana mlipika nini na mlinunua kiasi gani. Mimi nilianza kazi kama mdadisi, yule anayekwenda kuhoji kaya, na ninaamini kwamba takwimu nyingi huharibikia kwenye dodoso (fomu ya maswali) na uwandani, mahali ambapo mchambuzi hana tena uwezo wa kuziokoa. Ndiyo maana upande huo nitauongelea kwa kirefu.

Kuna mfumo wa hatua nane unaofuatwa na ofisi nyingi duniani, unaotunzwa na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya (toleo la 5.1 lilitoka 2019): kubaini hitaji, kusanifu, kujenga, kukusanya, kuchakata, kuchambua, kusambaza, kutathmini. Nitaupitia kwa mgawanyo wangu mwenyewe, usiolingana nao hatua kwa hatua, nikitumia mfano wa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Tanzania Bara.

Hatua ya 1: Hitaji

Kaa na watakaotumia takwimu kabla ya kuandika swali hata moja. Utafiti huu ndio uliotuambia kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12 na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Matumizi ya kaya pia ndiyo yanayotoa uzito wa bidhaa kwenye kikapu cha kupimia mfumuko wa bei. Chora majedwali matupu ya ripoti ya mwisho, umwonyeshe mtumiaji. Swali lisilojaza jedwali lolote, litoe.

Hatua ya 2: Sampuli

Sensa hugawa nchi yote katika maeneo ya kuhesabia watu. Kwanza unachagua maeneo, kisha kaya ndani ya kila eneo; kaya hizo ndizo sampuli, zinazowakilisha nyingine zote. Utafiti wa 2017/18 ulipanga maeneo 796 na kaya 12 kwa kila eneo, jumla kaya 9,552.

Bosi akikuambia punguza kwa nusu kosa la sampuli, yaani kosa linalotokana na kuuliza wachache badala ya wote, mjibu kwamba itabidi sampuli iwe mara nne. Hesabu hiyo haibembelezeki.

Usiruke kazi ya kuorodhesha upya kaya za eneo kabla ya kuchagua. Niliwahi kushiriki utafiti mmoja uliotumia orodha ya zamani ili kuokoa fedha. Tulikuta nyumba zimebomolewa kupisha barabara, na wapangaji wapya waliojaa upande wa pili hawamo kwenye orodha. Waliohama na waliohamia ndio hasa tuliokuwa tunawatafuta, na ndio tuliowakosa.

Hatua ya 3: Dodoso

Hapa twende taratibu. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waligawa kaya zipatazo 4,000 za wilaya saba za Tanzania katika makundi manane, kila kundi likaulizwa matumizi kwa namna yake: wengine waliandika shajara, wengine waliulizwa ya siku saba zilizopita, wengine orodha ndefu ya vyakula, wengine fupi. Nchi ni ile ile, na watu waligawiwa kwa bahati nasibu. Kiwango cha umaskini kilichopatikana kikatofautiana mno kati ya kundi na kundi. Kwa hiyo ukibadilisha namna ya kuuliza kati ya utafiti mmoja na unaofuata, usitangaze kwamba umaskini umeshuka mpaka ujue kama kilichobadilika ni maisha ya watu au ni dodoso lako.

Kisha maneno yenyewe. Kaya si nyumba, wala si ukoo. Kwa ufupi ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Nyumba moja ya Manzese inaweza kuwa na kaya sita. Usimwachie mdadisi aamue mwenyewe.

Vipimo navyo vina kazi. Watu hununua fungu la nyanya, kisado cha mahindi, debe la mkaa. Fungu la Kariakoo na fungu la kijijini havilingani. Peleka mizani sokoni katika kila mkoa, pima mafungu, tengeneza jedwali la kugeuza kuwa kilo. Usisahau chapati ya asubuhi na wali wa mama lishe: mwanamume anayekula nje kila mchana huonekana halili kabisa kama dodoso linauliza kilichopikwa nyumbani tu.

Hatua ya 4: Majaribio na mafunzo

Jaribu dodoso mjini na kijijini, na wadadisi wafanye mazoezi kwa kaya halisi. Fundisha wengi kuliko unaowahitaji, ubaki na walio bora.

Hatua ya 5: Uwandani

Barua zitangulie: mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mpaka mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Zanzibar, sheha. Timu ikifika bila mwenyekiti kujua, siku hiyo imekufa.

Vishikwambi, ambavyo vilitumika pia katika Sensa ya 2022, vinaleta taarifa makao makuu siku hiyo hiyo, na faida hiyo ni bure kama hakuna anayezisoma. Kila asubuhi angalia, kwa kila mdadisi: mahojiano yalichukua dakika ngapi, wastani wa watu kwa kaya, na mara ngapi jibu ni “hapana” kwenye swali ambalo “ndiyo” yake hufungua maswali ishirini.

Katika utafiti mmoja niliosimamia, timu moja ilikuwa na watoto wachache mno wa miaka minne na wengi mno wa miaka mitano. Sehemu ya watoto ilikuwa ndefu, na iliwahusu walio chini ya miaka mitano. Wadadisi waliochoka walikuwa wanawasogeza watoto umri. Tuligundua wiki ya pili, tukarudi kwenye kaya. Tungegundua baada ya miezi mitatu, tusingekuwa na la kufanya.

Hatua ya 6: Kuchakata

Faili ghafi lisiguswe kamwe. Kila rekebisho liandikwe kama amri kwenye programu, pamoja na sababu yake, ili mwingine aweze kulirudia.

Uzito, yaani idadi ya kaya ambazo kila kaya uliyoihoji inazisimamia, kwa mfano mdogo: eneo limeorodheshwa kaya 120, umechagua 12, kila moja inasimamia kaya 10. Mbili zikikataa, zilizobaki ni 10, na kila moja sasa inasimamia kaya 12. Kisha unazidisha kwa uzito wa eneo lenyewe.

Hatua ya 7 na 8: Kutoa na kutathmini

Tangaza tarehe ya kutoa matokeo mapema na uiheshimu, hata kama namba haimfurahishi mtu. Toa kosa la sampuli pamoja na makadirio. Ondoa majina na viwianishi vya kaya (namba zinazoonyesha kwenye ramani ilipo) kabla ya kuwapa watafiti faili. Usiri huu umo katika Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi zilizoidhinishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Januari 2014. Halafu, kabla timu haijatawanyika, andikeni yaliyokwama.

Maswali mliyoniuliza

Shikamoo mwalimu. Kaya ikikosekana, kuna ubaya gani kuchukua ya jirani?

Marahaba. Jirani uliyemkuta nyumbani saa nne asubuhi hafanani na yule aliye kazini. Ukibadilisha hivyo, sampuli yako inajaa wanaoshinda nyumbani. Rudi mara tatu, kwa nyakati tofauti, jioni ikiwemo. Akikosekana kabisa, andika hakupatikana.

Kaka, bajeti yetu imekatwa theluthi. Tupunguze wapi?

Punguza kaya, na punguza maswali. Usiguse siku za mafunzo wala mafuta ya gari la msimamizi. Ila uwaambie watumiaji mapema kwamba makadirio ya kila mkoa hayatawezekana tena, ni ya taifa tu.

Hospitali zina kumbukumbu kila siku. Kwa nini tusizitumie hizo tukaacha tafiti?

Zitumie, ni za bei nafuu na zinakuja kila mwezi. Lakini zinamhesabu aliyefika kituoni. Mama aliyejifungulia nyumbani hamo, na ili kujua wako wangapi wa aina yake lazima mtu abishe hodi.

Mimi ni msimamizi wa timu. Wadadisi walipwe kwa kaya au kwa siku?

Kwa siku, dada yangu. Ukiwalipa kwa kaya, jioni wataanza kupika majibu chini ya mwembe. Wawekee idadi ya kaya kwa siku inayowezekana, na kila eneo urudie mwenyewe kaya moja au mbili bila kuwaambia ni ipi. Uliza mambo machache tu: mgeni alifika, alikaa muda gani, humu mko wangapi.